Gesti za Blackpool: mji ulioponzwa na vyumba vyake

Blackpool ni mji wa ufukweni kaskazini-magharibi mwa England, mkoa wa Lancashire, wenye wakazi wapatao 141,000. Kwa hesabu za mji wenyewe, wageni wanaoutembelea kwa mwaka wanakaribia milioni 20. Ukisikia idadi hiyo unatarajia mji wenye neema. Lakini serikali ilipopima umaskini wa mitaa yote ya England mwaka 2019, mitaa 8 kati ya ile 10 iliyoshika mkia ilikuwa Blackpool. Mwanamume anayezaliwa hapo anatarajiwa kuishi miaka 73 na ushei. Yule anayezaliwa wilaya ya Hart, kusini, anatarajiwa kufika 83.

Ukimuuliza Mwingereza wa kawaida kulikoni, atakwambia ni ndege. Hispania ilikuja na jua lake, watu wakahama, mji ukafa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila haliwezi kueleza kwa nini mji ambao bado unajaa watu umekuwa na afya mbovu kuliko miji mingi isiyo na mgeni hata mmoja. Mimi naona jibu limo ndani ya majengo, tena si yale maarufu yanayopigwa picha. Limo katika gesti.

Tuanze na namna mji ulivyojengwa. Reli ilifika mwaka 1846. Kabla yake Blackpool ilikuwa nyumba chache zinazotazama bahari, mahali pa watu wenye nafasi waliofuata maji ya chumvi kwa ushauri wa madaktari. Treni ilipofika, nyuma yake walikuwapo watu wa Oldham, Bolton, Blackburn na Burnley, miji ya viwanda vya pamba, ambako mama, baba na watoto wakubwa wote walikuwa kiwandani na kila mmoja ana chochote cha kuweka. Miji hiyo ilikuwa na desturi ya zamani ya kufunga kazi kwa wiki moja wakati wa kiangazi. Sherehe za kanisa zilizoizaa zilishasahaulika, wiki ikabaki. Wenye viwanda waliitumia kusafisha na kutengeneza maboila. Mshahara wa wiki hiyo haukuwapo, kwa hiyo watu walichanga kidogokidogo mwaka mzima katika vikundi vya akiba vya kiwandani na mtaani, kisha siku moja kabla ya safari wanagawana.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna uzi mwembamba unaotufunga na viwanda hivyo. Chama cha kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni, British Cotton Growing Association, kiliundwa mwaka 1902 ili Lancashire isiitegemee Marekani peke yake, na mbegu zilizogawiwa kwa wakulima wa Uganda mwaka uliofuata zilikuwa sehemu ya mpango huohuo.

Jambo lililoifaidi Blackpool kuliko mengine ni kwamba miji haikufunga kwa pamoja. Kila mmoja ulikuwa na wiki yake. Wiki hii wanashuka watu wa Oldham, wiki ijayo wa Burnley, na mji wote wa Oldham unabaki kimya, moshi umekatika. Jirani yako wa nyumbani anakuwa jirani yako wa ufukweni. Kwa mwenye gesti hii ilimaanisha vitanda havipumziki kuanzia Juni hadi Septemba, na wageni ni walewale, mwaka baada ya mwaka. Wengi waliweka nafasi ya mwaka ujao kabla hawajafunga mizigo ya kurudi.

Zikajengwa gesti kwa maelfu. Ukitaka kuielewa Blackpool, simama mbele ya mojawapo kwenye mitaa ya nyuma ya ufukwe. Ni nyumba ya matofali mekundu, ghorofa tatu, imebanana na ya jirani kushoto na kulia. Dirisha la sebule limechomoza nje ili kuiba kipande cha bahari, hata kama bahari iko mitaa minne mbele. Ndani kuna ngazi nyembamba na vyumba kumi hivi, kila kimoja kina kitanda, kabati na beseni dogo la kunawia lililobanwa pembeni. Choo ni cha wote, kwenye korido. Jiko liko chini nyuma, na hapo ndipo mama mwenye nyumba na wanawe walipolala msimu ukikolea, maana vyumba vyao wenyewe vilikuwa vimeshapangishwa.

Mama huyo ndiye aliyeujenga mji, ingawa sanamu wamejengewa wengine. Mara nyingi alikuwa mjane au mke wa mtu mwenye kazi ya kubahatisha, aliyekuwa kiwandani mwenyewe kabla ya kuhamia pwani na akiba yake. Katika utaratibu wa zamani mgeni alilipia kitanda tu. Nyama, mayai na chai alinunua mwenyewe, akamkabidhi mama, mama akapika sufuria za familia nane bila kuchanganya. Kulikuwa na ada ya kutumia chumvi na pilipili ya mezani, jambo lililowapa wachekeshaji kazi kwa miaka mingi. Ukimaliza chai ya asubuhi unatoka, na hurudi mpaka wakati wa chakula. Mvua inyeshe isinyeshe. Na pale mvua hunyesha kwelikweli.

Ndiyo maana mji ulijaa mambo ya kufanya chini ya paa. Winter Gardens, jumba kubwa la burudani, ilifunguliwa mwaka 1878. Meya John Bickerstaffe aliuona mnara wa Eiffel Paris mwaka 1889 akarudi na wazo, na Mei 1894 Blackpool ikapata mnara wake wa mita 158, chini yake sarakasi na baadaye ukumbi wa dansi uliosanifiwa na Frank Matcham, dari limepakwa dhahabu na michoro kana kwamba ni jumba la mfalme. Mfumaji wa Bolton alicheza dansi humo kwa senti. Tramu za umeme zilikuwapo tangu mwaka 1885. Kuna magati matatu ya matembezi yanayoingia baharini, na bustani ya michezo iliyoanza mwaka 1896. Taa za umeme ziliwashwa kando ya bahari mwaka 1879, wakati miji mingi ingali na gesi, na kuanzia mwaka 1912 zikageuzwa kuwa maonyesho ya vuli. Hizo taa ni ujanja wa biashara wa hali ya juu: jua likishakwisha Septemba na miji mingine ya ufukweni imefunga milango, Blackpool inauza giza. Mpaka leo zinatandazwa kwa takriban kilomita 10.

Ufukweni kuna punda wa kubeba watoto. Sheria ndogo za mwaka 1942 zilipanga kazi yao: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa moja jioni, saa nzima ya mapumziko ya mchana, na Ijumaa hawafanyi kazi. Punda wa Lamu wakisikia haya watadai mkataba.

Sheria ya likizo yenye malipo ya mwaka 1938 ilipopita, mji ulikuwa tayari unapokea wageni kama milioni 7 kwa mwaka. Vita haikuuathiri vibaya kama London au Hull. Jeshi la anga lilileta mamia ya maelfu ya vijana kwa mafunzo, nao wakalazwa katika gesti zilezile, serikali ikilipa kwa kichwa. Kumbuka jambo hilo. Mwenye gesti alijifunza kwamba serikali ni mpangaji mzuri: halalamiki, hadai kuona bahari, na analipa hata Januari.

Baada ya vita mji ulikuwa na miaka kumi na tano hivi ya raha. Halafu chini ya meza mambo yakaanza kuyeyuka, na ndege hazikuwa za kwanza. Kilichotangulia ni pamba. Mwaka 1958 Uingereza, iliyokuwa imeivisha dunia, iliagiza vitambaa vya pamba vingi kuliko ilivyouza nje. Viwanda vya Lancashire vikaanza kufungwa kwa mfululizo. Kiwanda kikifa, wiki ya mapumziko inakufa nacho, kikundi cha akiba kinavunjika, na ule mji mzima uliokuwa ukihamia Blackpool kwa pamoja unakuwa mkusanyiko wa watu mmojammoja ambao kila mtu ana likizo yake na mipango yake.

Pili ni usafiri. Stesheni ya Central, iliyowashusha watu mita chache tu kutoka kwenye mnara, ilifungwa mwaka 1964, na uwanja wake ukawa maegesho ya magari. Mabadiliko hayo yanasema mengi. Mwaka 1975 barabara kuu ya M55 ikafika. Mtu wa Manchester sasa aliweza kuja na gari lake, akale chipsi, akapande mnara, akaangalie taa, na alale kwake. Wageni hawakupungua sana. Waliopungua ni waliolala, na mji ulikuwa umejengwa kwa ajili ya kulaza.

Ndege zikafuata. Serikali iliwahi kuzuia watu kutoka na zaidi ya pauni 50 za matumizi ng'ambo kuanzia mwaka 1966, na kizuizi hicho kilipoondolewa mwaka 1970 safari za pamoja za Benidorm na Majorca, huko Hispania, zikashika kasi. Kule jua halina wasiwasi na choo kiko ndani ya chumba. Na hapo gesti ikashikwa pabaya. Sheria ya tahadhari ya moto ya mwaka 1971 ilidai vyeti, milango ya kuzuia moto na njia za kutokea kwa nyumba zinazolaza watu zaidi ya sita. Sheria njema, hakuna anayeibishia. Lakini mama mwenye vyumba kumi na ngazi moja nyembamba alitakiwa kutoa pesa nyingi mwaka uleule ambao wageni wake walikuwa wanaangalia picha za Majorca. Wengi waliuza. Walionunua hawakuwa na mpango wa kukaanga mayai.

Sasa weka maelfu ya vyumba vyenye beseni dogo pembeni upande mmoja, na upande wa pili ukosefu wa ajira wa miaka ya 1980. Mfuko wa ustawi ulikuwa unawalipia malazi watu wasio na kazi wanaoishi gesti. Kufikia mwaka 1985 magazeti yalikuwa yanapiga kelele kuhusu vijana wanaostarehe pwani kwa fedha za umma, na serikali ikatunga kanuni: kijana wa chini ya miaka 26 akilala nyumba ya malipo katika mji wa ufukweni, atalipiwa wiki 2 tu, kisha ahame. Katika miji mikubwa alipewa wiki 8. Kanuni hiyo ilisumbua vijana wengi na haikugusa chanzo, yaani vyumba vitupu na mtu wa kuvilipia.

Ruzuku ya pango, yaani msaada wa serikali kwa wasiomudu kodi ya nyumba, ndiyo iliyokamilisha kazi baadaye. Tangu mwaka 2008 kiwango kinachoweza kulipwa kwa mpangaji binafsi hupangwa kwa eneo. Blackpool imo katika eneo moja na mji jirani wa Lytham St Annes, mji wa viwanja vya gofu na wastaafu wenye pensheni nono. Kwa hiyo kiwango cha ruzuku kinavutwa juu na kodi za Lytham, ilhali bei ya kununua jumba kuukuu la Blackpool imebaki chini. Kisha mtu mzima wa miaka 35 au zaidi anayeishi peke yake ana haki ya kulipiwa kiwango cha nyumba ya chumba kimoja, mradi iwe inajitegemea. Mwenye akili ya biashara anafanya hesabu papo hapo. Anakata ghorofa tatu ziwe vijumba sita, kila kimoja anatia jiko la plagi na bafu la kujibana, anakusanya ruzuku sita. Familia moja ingemlipa robo ya hapo. Ukarabati ukiwa wa kijuujuu tu, kodi haishuki, maana hakuna mpangaji wa kugombania bei. Mlipaji ni Hazina.

Watu hupenda kuwalaumu wenye nyumba hao, na baadhi yao wanastahili. Lakini mfumo uliwaandikia hundi na kuwaonyesha mahali pa kusaini.

Na wapangaji walitoka wapi? Wengi walitoka miji ileile iliyokuwa ikileta wageni. Mtu ameachana na mkewe, au kiwanda kimefungwa, au mgongo umekufa, au pombe imemshinda, anaulizwa aende wapi, na mahali pekee anapopakumbuka kwa furaha ni pale alipopanda punda akiwa na miaka saba. Anafika, anapata chumba siku hiyohiyo bila kudaiwa barua za waajiri, na ruzuku inaanza. Wakati huohuo kijana wa Blackpool aliyefaulu shule anapanda treni kwenda Manchester au Leeds na harudi. Mji unapokea wagonjwa na kutoa wazima, kila mwaka. Ndiyo maana wastani wa umri wa kuishi unaonekana kama ajali ya kitabibu wakati kwa sehemu kubwa ni suala la nani anahamia na nani anahama. Ripoti ya mwaka 2021 ya Chris Whitty, mganga mkuu wa serikali, iliyohusu afya ya jamii za pwani, ilisema wazi kwamba gesti za zamani zilizogeuzwa vyumba vya kupanga zinakusanya umaskini na maradhi mahali pamoja.

Watoto ndio wanaolipa zaidi. Familia inahama chumba kila baada ya miezi michache, mtoto anabadili shule, mwalimu hajamjua jina ameshaondoka. Kwa miaka mingi Blackpool imekuwa na kiwango cha juu kuliko halmashauri zote za England cha watoto walioondolewa kwa wazazi na kulelewa na halmashauri.

Dawa zilizojaribiwa, kwa muda mrefu, zilikuwa za mbele ya mji. Bustani ya michezo ilijenga mwaka 1994 gari la reli la kupanda na kushuka lililopaa juu kuliko yote duniani wakati huo. Kisha likaja tumaini la kasino kubwa. Serikali ya Tony Blair iliruhusu moja tu nchini, Blackpool ikajiona bibi harusi, na Januari 2007 jopo likaipa Manchester. Mwishowe hata Manchester haikupata, Gordon Brown, aliyemfuata Blair, aliufuta mpango. Mikutano mikuu ya vyama vya siasa, iliyokuwa ikijaza hoteli vuli, nayo ikaondoka. Labour walikutana hapo mara ya mwisho mwaka 2002, mwaka ambao Bill Clinton alihutubia kisha akaonekana McDonald's usiku. Conservative wakaondoka baada ya mwaka 2007. Walihamia miji yenye hoteli ambazo vyoo viko chumbani.

Bahari yenyewe ilikuwa imesahaulika katika yote hayo. Sheria ya Ulaya ya maji ya kuogelea ilipokuja miaka ya 1970, Uingereza iliorodhesha fukwe 27 tu kwa nchi nzima, na Blackpool haikuwamo. Luxembourg, isiyo na hata tone la bahari, ilitaja maeneo mengi zaidi. Suala lilifika mahakama ya Ulaya, na Julai 1993 Uingereza ikapatikana na hatia kwa maji ya Blackpool na Southport. Majitaka yalikuwa yanamwagwa pale ambapo mamilioni walikuwa wanakuja kuoga. Ndipo mabomba mapya yakaanza kuwekwa.

Wengine hunitajia Margate, kusini-mashariki, ambako jumba la sanaa la Turner Contemporary lilifunguliwa mwaka 2011 na watu wa London wakamiminika na mikahawa yao. Sawa, lakini Margate iko mwendo wa saa moja na nusu kwa treni kutoka London, na wenyeji wake wengi sasa hawamudu kodi. Kuwahamisha maskini si sawa na kuwatibu. Kamati ya bunge la juu iliyochunguza miji ya ufukweni na kutoa ripoti Aprili 2019 ilikubali kwamba miji hii haiponi kwa dawa moja.

Halmashauri ya Blackpool, kwa heshima yake, iliacha kusubiri mwokozi. Mwaka 2010 iliununua mnara na Winter Gardens kutoka mikononi mwa mwekezaji binafsi, kwa takriban pauni milioni 40. Reli ya kwenda stesheni ya Blackpool North iliwekewa umeme mwaka 2018. Machi 2024 likafunguliwa jumba la makumbusho ya burudani, Showtown. Lakini hatua ninayoiona nzito kuliko zote ni ya mwaka 2015, isiyo na mataa: halmashauri iliunda kampuni yake ya nyumba, ikaanza kununua gesti mbovu moja baada ya nyingine, kubomoa kuta za kubanana, kupunguza vyumba na kupangisha nyumba za kweli kwa kodi inayofuata kiwango kilekile cha ruzuku. Yaani inatumia pesa ileile ya Hazina iliyokuwa ikiharibu mitaa kuijenga. Tangu mwaka 2012 pia imekuwa ikiwalazimisha wenye nyumba wa baadhi ya mitaa kuwa na leseni.

Kasi ni ndogo ukilinganisha na mzigo. Mwaka 2024 serikali ilitoa pauni milioni 90 kwa ajili ya kuvunja na kujenga upya sehemu za katikati ya mji, na mara baadhi ya wakazi wa mitaa inayolengwa wakapinga, kwa sababu nyumba zao wenyewe wamezilipa na kuzitunza na hazikuwahi kuwa gesti. Wana hoja. Shida ilikuwa katika kanuni ya ruzuku, inayopangwa London kwa kalamu, na kanuni hiyo bado inaihesabu Blackpool na Lytham kama mji mmoja. Mpaka hapo itakapobadilishwa, kila gesti inayovunjwa mtaa huu kuna nyingine mtaa wa pili ambayo mwenye nyumba anaipimia kuta.